Mume wa Zamu

Ukutani, juu ya dirisha la kuandikishia, palibandikwa kipande cha kadibodi chenye maandishi ya kalamu nene: MAMA ALIYEKUJA NA MWENZA ATAHUDUMIWA KWANZA. Aliyebuni sheria hiyo bila shaka alikuwa na nia njema. Alitaka waume waje, washike kadi za wake zao, wasikie moyo wa mtoto ukidunda, nao walainike kidogo. Kasoro ilikuwa moja tu: waume hawakuja. Kwa hiyo kila Jumanne na kila Ijumaa benchi la mbele lilikaliwa na jozi nne tano, waume wakikodolea dari macho kama watu waliosingiziwa kesi, huku mabenchi ya nyuma yakisongamana wanawake arobaini waliofika tangu alfajiri. Na wa mbele hawakuisha, maana kila mwenye mume, hata akija saa tatu keshajipamba na kunywa chai yake, alipitishwa mbele yao.

Bi Pasi alilijua benchi la nyuma mpaka misumari yake. Jina hilo alipewa na wenzake kwa dobi, ambako huu ulikuwa mwaka wa nane anasimama nyuma ya meza akinyoosha mashuka ya hoteli na mashati ya watu wa maofisini. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Miguu ilivimba hata viatu vyake vikamkataa, akawa anavaa ndala za mumewe. Uchovu wake ulikuwa ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Mwezi uliopita alikaa benchi la nyuma tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Akapimwa uzito, akaambiwa mtu wa maabara keshaondoka, arudi mwezi ujao. Kazini bosi wake hakumfokea. Afadhali angefoka.

"Bi Pasi," alisema, "mashuka hayajui kama una mimba. Mwezi ujao nakupa mpaka saa nne. Ikipita saa nne hujarudi, namwita mtu mwingine ashike pasi."

Kwenda kliniki hata hivyo ilikuwa lazima aende. Mtoto wake wa kwanza, binti, alizaliwa nyumbani mikononi mwa mama mkwe, akatoka mzima, na sasa alikuwa na miaka sita na mdomo usiofungika. Wa pili naye alizaliwa nyumbani, akakaa siku tatu, akaondoka. Mama mkwe hakuhitaji daktari wa kumweleza sababu. "Pasi," alisema, machozi hata hayajakauka. "Joto la pasi limempika mtoto tumboni." Alilisema kwa sauti siku ile, na kwa miaka mitatu iliyofuata akawa analisema kwa macho, kila Bi Pasi alipoingia mlangoni akitoka kazini.

Na Bi Pasi aliamini. Hakuna aliyemwambia jambo jingine, na mtu mwenye msiba huokota sababu yoyote atakayopewa. Safari hii alipogundua ana mimba, alianza kusimama mbali na meza ya pasi, mikono ameinyoosha mbele kama anayesukuma mkokoteni, tumbo likae nyuma. Mgongo ulimuuma mpaka akauma meno. Wenzake walimcheka, naye akacheka nao, wala hakuwaambia kwa nini.

Bi Pasi alimwomba mumewe waende wote. Si mara moja. Alimwomba ameshiba, alimwomba ametoka kuoga, alimwomba siku timu yake iliposhinda. Mume huyu alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu wa maneno machache, na karakana yake ilitazamana na njia ya kliniki. Hakuwa mkorofi. Lakini pale karakanani palikuwa na mwenzao aliyewahi kumsindikiza mkewe kliniki mara moja tu, miaka mitano iliyopita, na tangu siku ile barabara nzima ilimwita Mkunga. Hata wateja. Mtu anafika na bawaba iliyokatika, anauliza, "Mkunga yupo?"

"Nije nifanye nini huko?" mume alijibu. "Kwani mimi nina mimba?"

Basi Bi Pasi akapiga moyo konde, akafanya walichofanya wengine.

Nje ya lango la kliniki, chini ya mwavuli uliopasuka, alikaa fundi viatu wa miaka hamsini hivi, mjane, mwenye meno machache na maneno mengi. Nyuma yake, kwenye msumari, lilining'inia koti la kijivu ndani ya mfuko wa nailoni. Mwanamke mwenye shida alimkaribia, akamwonyesha kiatu, na fundi aliuliza, "Cha kushona au cha kuingia?" Akiambiwa ni cha kuingia, alifuta gundi mikononi kwa mafuta ya taa, akavaa koti, akawa mume. Wanawake walimwita Mume wa Zamu. Hakutoza chochote zaidi ya kikombe cha chai. Alisema mwanaume akianza kutoza kwa ajili ya kuwa mume, hiyo sasa ni biashara nyingine kabisa.

"Cha kuingia," alisema Bi Pasi Jumanne ile, saa mbili kasorobo.

"Kazi yangu?" aliuliza fundi, akifunga vifungo.

"Mchomeleaji."

"Leo nimepanda cheo. Ijumaa nilikuwa nauza maji. Watoto tunao?"

"Mmoja. Msichana. Mwingine alifariki."

Fundi aliacha mzaha. Akamshika kiwiko, akamvusha mfereji ulio mbele ya lango taratibu, na Bi Pasi akaona aibu kwa jinsi kiwiko chake kilivyofurahi kushikwa.

Walikaa benchi la mbele. Nyuma yao wanawake wawili walikohoa kikohozi cha kujua, kisha wakanyamaza, maana huenda Ijumaa ingekuwa zamu yao. Haikupita nusu saa wakaitwa. Nesi alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na alikuwa na namna ya kuuliza maswali huku akiandika majibu kabla hajajibiwa.

"Wa kwanza?"

"Yupo. Ana miaka sita."

"Wa pili?"

"Alikaa siku tatu."

Kalamu ilisimama. "Alibadilika rangi?"

"Njano," alisema Bi Pasi. "Alianzia macho. Mpaka nyayo." Neno nyayo lilimtoka na sauti ikakatika. Alizitazama nyayo zile siku nzima ya tatu, na hakuwahi kumwambia mtu.

Nesi alimpeleka maabara wakamtoa damu. Kipimo chenyewe kilikuwa kipya. Maabara ilianza kupima kundi la damu Ijumaa iliyotangulia tu, na mtaalamu wake kijana alikuwa na bidii ya mtu aliyeajiriwa jana. Majibu yaliporudi, nesi aliyasoma mara mbili, akavua miwani.

"Mama, damu yako ni hasi. Usishtuke, si ugonjwa. Watu wengi wana kitu fulani kwenye damu yao, hao tunawaita chanya. Wewe huna. Sasa ukibeba mtoto aliyerithi kitu hicho kwa baba yake, damu yako inamwona mgeni. Wa kwanza mara nyingi hupita salama, damu inakuwa haijamzoea. Wa pili ndiyo inampiga vita. Mtoto anazaliwa, anageuka njano, na bila matibabu anakufa."

Bi Pasi alisogea ukingoni mwa kiti. "Kwa hiyo si joto?"

"Joto gani?"

"La pasi. Mimi napiga pasi."

"Pasi inaingia wapi hapa?" alisema nesi. "Nani kakudanganya?"

Bi Pasi alijiegemeza nyuma. Alijisikia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani miaka mitatu, kisha mtu akaja kumtua. Hata shingo ilimuuma kwa wepesi.

"Sasa kinachobaki ni baba," nesi aliendelea. "Kama baba ni chanya, leo hii nakuandikia rufaa. Hospitali kubwa wakufuatilie, ujifungulie huko, wana taa za kumwekea mtoto, na ikibidi wanambadilishia damu. Kama naye ni hasi kama wewe, basi hakuna vita, mtoto atafanana na nyinyi. Baba, nenda maabara."

Fundi viatu alimtazama Bi Pasi. Bi Pasi alitazama kadi yake mezani. Kusema pale kwamba huyu si mume ilikuwa ni kumfukuzisha fundi langoni, na yeye mwenyewe kurudishwa nyuma ya wanawake arobaini, na saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika ishirini.  Fundi naye akainuka, akisema kwa kicheko kisichokuwa na nguvu kwamba yeye na sindano ni marafiki wa zamani, msharasi wa kushonea viatu umemchoma zaidi ya mara elfu. Kisha akakumbuka kwamba leo yeye ni mchomeleaji, akafunga mdomo.

Alirudi akinyonya kidole. Karatasi ilimfuata.

"Mna bahati ya ajabu," alisema nesi, uso ukimkunjuka. "Hasi. Watu wa hasi ni wachache, na nyinyi wawili mmekutana nyumba moja! Rufaa haihitajiki." Akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa, BABA: HASI. Kisha akaongeza, bila kuinua kichwa, "Yule wa pili basi alikuwa na tatizo jingine."

Ndoo ikarudi kichwani.

Nje ya lango fundi alivua koti, akalirudisha kwenye mfuko. Mikono yake haikuwa na haraka.

"Dada, ile damu ni yangu."

"Najua."

"Rudi ukamwambie. Mimi wakinitoa hapa nitapata lango jingine. Malango ni mengi."

"Saa nne kasoro robo," alisema Bi Pasi. Akamwekea pesa ya chai yake kwenye sanduku la viatu, akaondoka na ndala za mumewe zikipiga chini, pata pata, mpaka kwa dobi.

Siku ile alinyoosha mashuka thelathini na mbili. Hakusimama mbali na meza, wala hakusimama karibu. Hakujua asimame wapi tena.

Jioni alipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, maana kuchambua alikubali, ila kupika alisema ni kazi ya mwenye nyumba. Bi Pasi alipika. Akampakulia mume, akampakulia mama mkwe, akamlisha binti, akaosha vyombo vya asubuhi vilivyokuwa vikimsubiri kwa uaminifu. Kisha akakaa chini, mgongo ukutani.

"Baba watoto, nesi anahitaji damu yako. Tone moja tu."

"Damu yangu ya nini?"

"Wanaiuza," alisema mama mkwe. "Mimi nimezaa saba, hakuna aliyenipima hata mkojo. Huyu mmoja tu tayari wameanza kudai damu ya mwanangu. Kinachodhuru watoto wa nyumba hii kinajulikana. Mwanamke anasimama na moto tumboni kutwa nzima, halafu wanatafuta mchawi kwenye damu ya watu."

"Mama, acha," alisema mume, lakini kwa ulegevu wa mtu anayefukuza nzi wakati wa kula. Akamgeukia mkewe. "Si wamekupa kadi? Kadi inasema nini?"

Akainyakua kutoka kwenye mkoba kabla Bi Pasi hajainuka. Aliisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole cheusi cha kazi. Kidole kikasimama.

"Baba hasi," alisoma. "Mimi sijapimwa. Huyu baba ni nani?"

Kulikuwa na njia mbili tatu za kudanganya, na siku nyingine Bi Pasi angeipata iliyo nzuri. Siku ile hakuwa na nguvu. Akasema yote: benchi la nyuma, saa nne ya bosi, koti la kijivu, kidole cha fundi viatu. Akasema habari ya damu inayopiga vita na mtoto aliyegeuka njano. Alisema kwamba kadi ile ni ya uongo, na kwamba huyu aliye tumboni anaweza kwenda kama yule, na akalishika tumbo aliposema hivyo.

Mama mkwe alipiga makofi mara moja. "Haya! Kumbe ana mume kliniki."

Mume alisukuma sahani pembeni. "Umempa mtu jina langu," alisema.

"Nilikuomba wewe kwanza."

"Umempa mtu jina langu, akakaa nalo mbele za watu."

Bi Pasi alimsubiri aulize habari ya mtoto. Alisubiri mpaka taa ikahitaji kuwashwa, akainuka akaiwasha mwenyewe. Hakuuliza. Hilo lilimuuma Bi Pasi kuliko kama angempiga, na alijua kwamba kila atakapokumbuka jioni ile litamuuma tena.

Siku mbili mume hakusema naye. Alikula, akatoka, akarudi. Mama mkwe ndiye aliyezungumza, na alizungumza vya kuwatosha wote watatu. Alhamisi Bi Pasi alimwendea bosi wake akiwa bado na pasi mkononi.

"Kesho nahitaji siku nzima."

"Tena? Nilikwambia nini?"

"Ulisema utamwita mtu mwingine. Mwite." Aliisimamisha pasi juu ya meza, akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Bosi alibaki ametoa macho.

Ijumaa alifika alfajiri, akakaa benchi la nyuma kabisa, bila kiatu cha kuonyesha na bila mume wa kuazima. Alikuwa amekwisha kuamua. Zamu yake ikifika, hata ikiwa saa nane, atamwambia nesi ukweli, na wamfanye watakavyo. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa na karatasi ya rufaa mkononi. Fundi viatu alipompungia mkono kutoka langoni, alitikisa kichwa kwamba leo hapana, akajiegemeza ukutani, akasinzia.

Sauti ndiyo iliyomwamsha. Aliijua sauti ile hata usingizini. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kupigia kelele mashine.

"Wewe ndiye mume wa mke wangu?"

Mabenchi yote yaligeuka. Langoni alisimama mchomeleaji na buti zake za kazi, miwani ya kuchomelea imepandishwa kichwani, ngumi amezikunja. Fundi viatu alikuwa na kiatu cha mtu mapajani na sindano mkononi.

"Wa yupi?" aliuliza fundi kwa adabu. "Maana ninao wengi. Nitajie kazi."

"Mimi ni mchomeleaji!"

"Alaa! Mwenzangu!" Fundi aliweka kiatu chini, akainuka, akalifungua lile koti la kijivu kutoka kwenye mfuko, akalikung'uta. "Nimekungoja tangu Jumanne. Njoo uvae. Leo zamu yako."

Akalinyoosha koti mbele yake, mikono yote miwili, kama anavyovikwa mtu mkubwa. Mwanaume wa watu hakujua afanye nini na ngumi zile. Benchi la nyuma likaanza kucheka, kwanza mmoja, halafu arobaini, kicheko cha watu waliokaa tangu alfajiri bila kunywa maji. Mchomeleaji alitazama huku na huku na kugundua kwamba amekwisha kuingia ndani ya kliniki. Miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya lango.

Nesi alitoka na miwani yake. "Kelele za nini?"

Bi Pasi alisimama. Ilimchukua muda, kwa tumbo lile na miguu ile, na kicheko kikafifia kabla hajamaliza kunyooka.

"Sista," alisema, "yule wa Jumanne si mume wangu. Mume wangu ni huyu mwenye kelele."

Nesi aliwatazama wote watatu, kisha akafungua mlango wa chumba chake. "Ingieni."

Ndani hakukaa. "Mama, kwamba yule si mumeo nilijua. Ijumaa iliyopita alikuwa muuza maji, mume wa mama mwingine. Nani asiyejua?"

"Ulijua?" alisema Bi Pasi. Hakuwahi kumpandishia nesi sauti, wala mtu yeyote aliyevaa nguo nyeupe, lakini sasa ilipanda yenyewe. "Ulijua, na bado ukaandika damu yake kwenye kadi ya mtoto wangu?"

Nesi alivua miwani. Uso wake ukawa wa mtu mwingine, mzee zaidi. "Fomu ina nafasi ya baba," alisema polepole. "Nikiiacha wazi, wakubwa wanapiga simu kuuliza kwa nini akina baba hawaji. Miaka yote tunamwandika tu, jina ni jina, halidhuru mtu. Hii ya damu imeanza Ijumaa iliyopita. Nimeandika kama nilivyozoea, hata pongezi nikazitoa kwa mazoea." Akakaa kitini. "Sikufikiri, mama. Nisamehe."

Fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia koti. "Wako watatu, Sista," alisema kwa sauti ndogo, akionyesha vidole vyake vilivyochomwa. "Ijumaa iliyopita kimoja. Jumanne viwili. Huyu mama, na mke wa muuza maji, na yule mrefu wa duka la vitambaa."

Nesi alilivuta daftari, akaanza kufunua kurasa akitafuta majina mawili. Alipoyapata aliyawekea alama nyekundu, akamwita mhudumu awafuate wanawake wale makwao siku ileile. Kisha ndipo alipomgeukia mchomeleaji.

"Wewe. Maabara."

Mtu aliyeshinda kutwa akimwagikiwa na cheche za moto aligeuza uso ukutani alipoiona sindano. Mtaalamu kijana alimwambia apumue. Majibu yalichukua dakika chache, na nesi hakuyasoma mara mbili.

"Chanya."

Akamweleza yote upya, polepole, ya kitu kilichomo kwenye damu na mtoto anayeonekana mgeni. Mchomeleaji alisikiliza ameinamisha kichwa, miwani ya kazi ikiwa bado kwenye nywele. Nesi alipomaliza, mchomeleaji alijipangusa viganja kwenye suruali.

"Yule mtoto," alisema hatimaye. "Yule wa siku tatu. Alichukua kwangu."

"Huenda. Si kosa lako, wala si kosa la mama. Ni damu tu. Angezaliwa mahali penye taa na daktari, labda angepona." Nesi alikuwa akiandika. "Rufaa hii hapa. Jumatatu aende hospitali kubwa. Nao watamtaka mimba ikifika miezi minane ahamie karibu, asubirie huko huko."

"Ahamie?" Mchomeleaji aliinua kichwa. "Na nyumbani nani atapika? Hilo hapana, hilo kwanza itabidi nimuulize mama."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anavyosema mvua ikinyesha tutaingia ndani. Bi Pasi alimtazama mwanaume huyu aliyezaa naye, ambaye hatimaye alikuja kliniki, na aliyekuja kwa ajili ya jina lake. Hakuwa na hasira naye tena. Hasira inataka nguvu.

"Mama tutamwambia," alisema. "Hatumuulizi."

Mume alimtazama. Nesi aliacha kuandika. Hata fundi viatu alitazama viatu vyake mwenyewe.

Walitoka kusubiri mhuri. Benchi la mbele lilikuwa na nafasi, na Bi Pasi akakaa, kwa mara ya kwanza akiwa na mume wa kwake, na haikuwa na utamu aliokuwa akiufikiria. Lilikuwa benchi tu. Mume alikaa pembeni, rufaa ameishika kwa ncha za vidole asiichafue. Macho yake yakashuka mpaka miguuni pa mkewe, yakazikuta ndala zake mwenyewe, na nyama ya mguu iliyofura juu ya mikanda. Aliziangalia kama anaziona leo.

"Na ukimwambia mama," alisema Bi Pasi, "usianze na hospitali. Anza na pasi."

"Pasi gani?"

"Unajua pasi gani. Miaka mitatu nimeibeba, na wewe ulikuwa unasikia." Sauti haikupanda. "Sema hapa nikusikie kwanza."

Mchomeleaji alitazama lile tangazo ukutani, akatazama milango.  "Haikuwa pasi," alisema kwa chini.

"Kwa sauti hiyo mama hatasikia."

Akavuta pumzi. Akalisema tena, kwa sauti ya karakana, "Haikuwa pasi!" na wanawake wote wa mabenchi ya nyuma wakageuka kumtazama. Wengine waliguna, wengine wakauliza pasi gani. Bi Pasi alikuwa ameshafunika uso kwa mtandio, analia, na mumewe, ambaye hakujua la kufanya, alivua miwani ya kazi kichwani akakaa nayo mkononi mpaka jina lao lilipoitwa.